Ushirika, MVIWATA, BBT au CALA: uanzie wapi uongozi wa kilimo?

Swali naulizwa mara kwa mara, na wanaoniuliza hawafanani. Yupo mhitimu wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mwenye GPA nzuri na hana hata nusu eka. Yupo mama wa Newala mwenye mikorosho yake, sauti yake inasikika kijiji kizima, ila hajawahi kukaa meza kuu hata siku moja. Yupo bwana shamba wa halmashauri aliyechoka kuandika ripoti zisizosomwa na mtu. Wote wanataka kuanza safari ya uongozi katika kilimo, na wote wanauliza wajiunge na programu gani. Ukiwapa jibu moja, wawili kati yao umewapoteza.

Hapa nalinganisha milango minne iliyopo Tanzania: bodi ya AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa mazao) pamoja na mafunzo ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, MVIWATA, BBT, mpango wa vijana wa Wizara ya Kilimo, na CALA, programu ya viongozi wa kilimo Afrika iliyo chini ya AGRA, shirika la kuendeleza kilimo barani. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili usome ukijua ninakoelekea. Kigezo changu cha kwanza ni hiki: ukirudi kutoka kwenye mafunzo, nani ana haki ya kukuita na kukuhoji? Cheti, posho na safari vinafuata nyuma. Programu inayokupa ujuzi bila watu wa kukuhoji itakutoa mtaalamu mzuri, pengine mwandishi hodari wa maandiko ya miradi. Uongozi utabaki kuwa neno kwenye CV.

Milango yenyewe

AMCOS ni chama cha msingi cha wakulima: korosho, kahawa, pamba, tumbaku, ufuta, siku hizi mpaka mbaazi. Wanachama huchagua bodi kwenye mkutano mkuu, bodi huajiri meneja au katibu, karani wa mizani, mtunza ghala. Sheria ni ile ya vyama vya ushirika ya 2013, msimamizi ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika, mkaguzi wa hesabu ni COASCO. Darasa la upande huu lipo Moshi. Chuo cha Ushirika kilianza 1963, kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya SUA 2004, na 2014 kikasimama chenyewe kama MoCU. Kinatoa astashahada, stashahada na shahada, kina taasisi yake Kizumbi mkoani Shinyanga, na kina ofisi mikoani zinazowafuata wajumbe wa bodi kwa kozi fupi huko huko waliko.

MVIWATA, Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania, ulizaliwa Morogoro 1993. Kaulimbiu yake ni "Mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe", na inabeba falsafa yao yote. Huku hakuna fomu ya kuomba nafasi kama unavyoomba ufadhili wa masomo. Unaingia na kikundi, kikundi kinaingia kwenye mtandao wa eneo lenu, kisha wilaya, mkoa, taifa. Ukipanda, umepandishwa na walio chini yako.

BBT, kwa Kiswahili Jenga Kesho iliyo Bora, ilizinduliwa Dodoma Machi 2023. Kundi la kwanza lilikuwa na vijana zaidi ya 800, wakapelekwa vituo vya mafunzo kwanza, kisha wakapangiwa mashamba makubwa ya pamoja, Chinangali wilayani Chamwino likiwa maarufu zaidi. Wizara ya Mifugo na Uvuvi nayo ina BBT yake, ya unenepeshaji wa ng'ombe.

CALA ilianzishwa 2021 chini ya AGRA yenye makao yake Nairobi, kwa msaada wa Ujerumani. Programu yake kuu ya uongozi huchukua miezi 16 na imekuwa ikichukua watu kutoka nchi nane: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Ethiopia, Malawi, Ghana na Nigeria. Inalenga watu walioko kazini tayari, serikalini, kwenye kampuni na kwenye asasi. Masomo ni mchanganyiko wa mtandaoni na vikao vya ana kwa ana, na kila kundi la washiriki hubeba kazi moja halisi ya nchi yao wanayoifanya pamoja kwa muda wote wa mafunzo.

Kuna na mlango wa tano ambao watu wengi hawauhesabu, shamba darasa. Nitaurudia, maana kwa asiye na kitu mkononi ndio ninaoupenda kuliko yote.

Nani atakuhoji

Ukitaka kuona kuhojiwa kwa kweli, nenda kakae nyuma kabisa kwenye mkutano mkuu wa AMCOS ya korosho, Tandahimba au Masasi, mwaka ambao bei ya mnada haikuwapendeza watu. Katibu anasoma taarifa ya mapato na matumizi. Anafika kwenye makato. Bei ya mnada ilikuwa hii, toa ushuru wa halmashauri, toa gharama ya ghala, toa usafirishaji kutoka chama cha msingi hadi ghala kuu, toa cha chama kikuu, toa cha AMCOS yenyewe, toa magunia. Kwenye magunia hapo mzee mmoja anasimama, hata hajaruhusiwa. "Mwenyekiti, magunia tuliambiwa yataletwa na mnunuzi. Haya tunayolipia sisi ni yapi?" Ukumbi unanguruma. Mwenyekiti anamwangalia katibu, katibu anafunua kabrasha.

Dakika tano zile zina mafunzo ambayo hakuna semina ya hoteli itakayokupa. Unajifunza kwamba mkulima wa darasa la saba anaijua hesabu ya mfuko wake kuliko mhasibu. Unajifunza kusema "sijui, nitawaletea jibu Jumamosi" na kulileta kweli Jumamosi hiyo. Unajifunza ukomo wa madeni ni nini na kwa nini mkutano mkuu ndio unaoupitisha: mwaka ambao bodi ilikopa pembejeo kupita kiasi, deni lilikatwa kwenye kilo za watu ambao hawakuchukua hata chupa moja ya dawa.

Historia ipo upande huu. Kabla ya uhuru, vyama vya wakulima ndivyo vilivyokuwa chuo cha uongozi cha Mwafrika. Wachaga walianzisha chama chao cha wakulima wa kahawa 1925, na 1933 ikaundwa KNCU. Paul Bomani alitoka kwenye vyama vya pamba vya Kanda ya Ziwa, George Kahama alitoka kwenye chama kikuu cha kahawa Bukoba, na wote wawili wakaingia kwenye baraza la mawaziri la Nyerere. Walipimwa kwenye mizani ya pamba na kahawa.

Lakini tusiupambe ushirika. Vyama vikuu vilivunjwa na serikali 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, na jeraha lile halijapona. Mpaka leo mkulima akisikia "ushirika" baadhi yao hushika mfuko. TAKUKURU, chombo cha kupambana na rushwa, imeshawafikisha viongozi wa AMCOS mahakamani zaidi ya mara moja. Ukiingia kwenye bodi unaingia na sifa mbaya za waliokutangulia, utazibeba usipende.

MVIWATA nao wanakuhoji, ila kwa namna nyingine. Kule fedha za mazao hazipiti mikononi mwa kiongozi kama kwenye AMCOS, kwa hiyo maswali ni ya msimamo zaidi: ulipokwenda kwenye kikao na mkuu wa wilaya kuhusu mgogoro wa ardhi, ulisema tulichokutuma? Ni shule ya kutetea. Wengi niliowaona wakitoka huko wanajua kusimama mbele ya waziri bila kutetemeka na bila matusi. Mtandao huo umefanya na kazi za kushikika. Masoko ya wakulima kule milimani Uluguru, Nyandira, Tawa na Tandai, na soko la nafaka la Kibaigwa, yana alama ya mikono yao, na kuendesha soko ni kuhojiwa kila siku ya gulio.

CALA je? Hapa ndipo utofauti unapokuwa mkubwa. Anayekuhoji ni mwajiri wako, wenzako wa kundi na wakufunzi. Kwa mkurugenzi msaidizi wizarani au meneja wa kampuni ya mbegu hilo linatosha kabisa, kwa sababu kazi yake ni kufanya idara tatu zisizosalimiana zikae meza moja. Ukiwa huna ofisi wala kikundi, utahitimu ukiwa na marafiki wazuri Accra na Lilongwe, na hakuna hata mtu mmoja kijijini anayejua ulikuwa wapi.

BBT nisiizungushe. Ni mpango wa uzalishaji na ajira kwa vijana, na kwa lengo hilo upimwe. Uongozi unaweza kuchipuka ndani yake, maana vijana mia kadhaa kwenye shamba moja lazima wapange zamu ya maji na nani anaongea na mnunuzi. Ila anayeamua mambo makubwa, visima, umeme, mitambo, mbegu gani ipandwe, ni serikali. Ukienda, nenda kwa ajili ya ardhi na kilimo biashara. Uongozi ukija, uuhesabu kuwa nyongeza.

Muda, maana mvua haisubiri semina

Watu wengi hushindwa hapa kabla hata ya kuanza. Wanasoma tangazo, wanajaza, wanachaguliwa, halafu wanagundua kwamba wiki ya kikao cha kwanza ndiyo wiki ya kupalilia.

Bodi ya AMCOS haikutoi nyumbani, lakini msimu ukifunguliwa inakumeza. Kwa korosho ni kuanzia Oktoba mpaka karibu Januari: mizigo inapokelewa, inapimwa unyevu, inapangwa madaraja, inapelekwa ghalani, mnada unafanyika, malipo yanacheleweshwa, simu zinaanza saa kumi na moja alfajiri. Msimu huo huo wewe mwenyewe una korosho zako za kuokota. Miezi mingine ni vikao vya hapa na pale na safari za kwa afisa ushirika wa wilaya. Kozi fupi za MoCU ni za siku chache na mara nyingi zinapangwa nje ya msimu, ila stashahada ya Moshi ni kuhama kabisa.

MVIWATA inakula siku moja moja: mkutano wa kikundi, ziara ya kubadilishana uzoefu, mafunzo ya mkulima mwezeshaji, kisha kurudi kufundisha wengine. Hakuna ratiba iliyofungwa, na hapo ndipo penye mtego. Mtu akionekana anaweza, anaitwa kila kitu. Shamba lake linaanza kuwa la mfano kwa magugu.

CALA ni miezi 16, na kwa aliyeajiriwa mjini mwenye intaneti nzuri inabebeka. Kwa mkulima wa Kasulu anayepanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, na masomo yanaendeshwa kwa Kiingereza, ni mtihani juu ya mtihani. Simaanishi haiwezekani. Namaanisha ujue mapema, upange na mwenzako nani atashika jembe.

Marekani, ambako mtindo huu wa kundi la viongozi wa kilimo ulikomaa, walilijua tatizo hili tangu mwanzo. Programu ya wakulima ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan ilianza 1965 kwa fedha za wakfu wa W.K. Kellogg, California wakaanza yao 1970, na majimbo mengine mengi yakafuata. Mkulima hachukuliwi moja kwa moja. Anakuja siku chache, anarudi shambani, anakuja tena, kwa mwaka mmoja na nusu au miwili, na ndani yake kuna safari ya makao makuu ya nchi na safari ya nje. Wamepanga darasa lizunguke shamba. Huku kwetu bado tunapanga shamba lizunguke darasa, na darasa lenyewe linazunguka tarehe za mwaka wa fedha wa mfadhili.

Pesa

Fupi tu. AMCOS: unalipa kiingilio na hisa kama mwanachama yeyote, bodi hulipwa posho ya vikao, mshahara hakuna. Anayekwambia bodi inalipa vizuri, muulize inalipwa kutoka wapi. MVIWATA: ada ya uanachama ni ndogo, nauli za ziara mara nyingi hulipwa, posho si ya kujengea nyumba. BBT: mafunzo hulipiwa na serikali, ila ujue kwamba baadaye kuna mkopo na kuna gharama za msimu, kwa hiyo soma mkataba kabla ya kusaini. CALA: kuna ufadhili, ila soma tangazo ujue unagharamia nini.

MoCU kwa stashahada au shahada unalipa ada kama chuo kingine chochote. Hapa nina jambo la kusema. AMCOS nyingi zina fungu la elimu kwenye makisio na halitumiki, au linatumika kwa safari ya wajumbe kwenda Nanenane. Kama wewe ni mwanachama kijana, simama kwenye mkutano mkuu uulize fungu lile lipo wapi. Ukilipata kwa kozi fupi, umeshaanza uongozi kabla ya kwenda darasani.

Na jambo la wafadhili lisipuuzwe. Mwaka 2025 serikali ya Marekani iliifunga USAID, na miradi mingi ya kilimo na vijana iliyotegemea fedha zake ikasimama, mingine ikiwa katikati ya mwaka. Programu inayoishi kwa bajeti ya nchi ya mbali inaweza kufa kwa uchaguzi ambao hukupiga kura. AMCOS inaishi kwa makato ya kilo, na hata ikiendeshwa vibaya, mwakani korosho zitaanguka tena chini ya mti.

Miezi ya kwanza ikoje

Kwenye bodi ya AMCOS, ushauri wangu kwa mjumbe mpya ni mmoja: miezi mitatu ya mwanzo soma mafaili, usitoe hotuba. Omba masharti ya chama, taarifa ya mwisho ya COASCO, na daftari la mizani la msimu uliopita. Angalia chama kilipata hati gani ya ukaguzi. Kama ni hati yenye shaka, soma sababu, kwa sababu ndizo zitakazokuja kuwa zako. Kaa na karani wa mizani siku nzima ya kupokea mzigo. Ukiona gunia linapimwa, karani anasoma namba kwa sauti na mkulima anaiona mwenyewe, chama hicho kina uhai. Ukiona mizani imegeuziwa ukutani, kazi yako ya kwanza umeshaiona. Katika maeneo ya kahawa Kagera uliza pia habari ya butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini, na kwa korosho kangomba, yaani kuwauzia walanguzi nje ya mfumo kwa bei ya chini: ni wangapi wameshauza mazao yao hivyo kwa sababu ya ada ya shule? Hao hawatakuja kwenye mkutano mkuu, na chama kisichojua idadi yao kinajidanganya kuhusu tani zake.

Kwenye MVIWATA, mwanzo ni kusikiliza. Utapelekwa kuona kikundi kingine kilivyofanya, vihenge vya kuhifadhia mahindi, au VICOBA iliyokua ikawa SACCOS, na ukirudi utatakiwa ueleze ulichokiona mbele ya wenzako. Usidharau zoezi hilo. Mtu anayeweza kueleza alichokiona Njombe kwa watu wa Kilosa bila kuongeza chumvi, huyo ana nusu ya kazi mkononi.

Kwenye CALA mwanzo unakugeukia wewe mwenyewe: unavyoamua, unavyogombana, unavyosikiliza, kisha ndipo mnaingia kwenye kazi ya pamoja ya nchi. Watu waliozoea kuwa mabosi huumia kidogo hapa. Kwa mtazamo wangu ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote za programu hiyo, maana vyama vyetu havina kabisa. Mwenyekiti wa AMCOS anaweza kukaa madarakani miaka bila mtu kumwambia usoni kwamba hasikilizi. Wanachama wataacha tu kuja mkutanoni.

Na shamba darasa? Mtindo huu ulianzia Indonesia 1989, kwenye mpunga, pale wataalamu wa FAO walipoona wakulima wanapuliza dawa nyingi na wadudu wanazidi kwa sababu dawa inaua na wale wanaowala wadudu waharibifu. Ulipofika kwetu, Kagera ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Kikundi cha watu kama 25 hivi hukutana kila wiki msimu mzima kwenye shamba moja. Wanagawanyika vikundi vidogo, wanaingia shambani asubuhi umande haujakauka, wanahesabu majani, wanageuza jani kuangalia mayai, wanarudi chini ya mwembe na karatasi ya manila. Wanachora mmea katikati. Upande mmoja wadudu marafiki, upande wa pili waharibifu. Juu wanaweka jua au wingu. Halafu mmoja anasimama kueleza: tupulize au tusipulize, na kwa nini. Wiki ijayo anasimama mwingine.

Nimewaona akina mama ambao mkutano wa kijiji hawajawahi kufungua mdomo wakisimama mbele ya manila ile na kumpinga bwana shamba kwa hoja, kwa sababu wao ndio waliohesabu. Msimu ukiisha kikundi kinawajua wasemaji wake bila uchaguzi. Ni bure, ni karibu, ni kwa Kiswahili au lugha ya nyumbani. Hakina cheti cha kuning'iniza, na ndiyo maana hakuna anayekitaja akiulizwa programu za uongozi.

Kwa nani kipi

Mhitimu usiye na shamba wala kikundi: usianze na CALA, hata ukiipata. Tafuta kazi ya umeneja au ukarani kwenye AMCOS, au ya ufundi kwenye mradi wenye mashamba darasa, ukae misimu miwili. BBT ni sawa kama shida yako ni ardhi na mtaji, na una moyo wa kuishi kambini na watu wengi. Baada ya hapo omba programu yoyote ya kimataifa, utakuwa na la kuandika kwenye fomu. Wasailiwa wengi huangushwa na swali moja dogo, "wakulima unaowaongoza wanasemaje kuhusu hili?"

Mwenye kikundi kinachofanya kazi lakini hakina pa kusemea: MVIWATA, bila kusita. Utapata sauti na utapata wenzako wa mikoa mingine wenye tatizo lilelile la lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo), la mifugo kuingia mashambani, la mnunuzi mmoja anayepanga bei.

Mwanachama wa AMCOS mwenye kuheshimika: gombea bodi, na mwaka huo huo dai kozi fupi ya MoCU. Gombea ukiwa na mtu mwingine mmoja unayemwamini, mjumbe mmoja msafi kwenye bodi chafu hubaki kupinga peke yake na kuchoka. Kama chama chako kimeoza kabisa, usiingie kukiokoa kwa kishujaa. Nenda kwanza kwa afisa ushirika uombe ukaguzi, ndipo uamue.

Ofisa wa serikali, wa kampuni au wa asasi mwenye miaka kadhaa kazini: CALA ndiyo saizi yako. Hakikisha bosi wako anasaini kwa kuelewa, sio kwa kukuondoa mbele ya macho yake, kwa sababu kazi ya vitendo itahitaji milango ambayo funguo zake anazo yeye. Na jipangie sharti lako binafsi: kabla ya kila kikao cha ana kwa ana, kaa nusu siku na kikundi cha wakulima kinachoguswa na kazi yenu.

Msomaji wa Kenya, mpangilio wako ni tofauti kidogo lakini kigezo hakibadiliki. Ushirika wa maziwa kama Githunguri, au uchaguzi wa wakurugenzi wa viwanda vya chai vilivyo chini ya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, utakuhoji kama AMCOS inavyohoji huku, na Chuo Kikuu cha Ushirika kipo Karen, Nairobi.

Nimebakiza kundi moja ambalo ulinganisho huu haulitendei haki: mwanamke ambaye mikorosho au kahawa imeandikwa kwa jina la mume. Yeye ndiye anayeokota, anayeanika, anayebeba hadi kwenye mizani, lakini daftari la wanachama halimjui, na asiye mwanachama hagombei. Kwake hatua ya kwanza inatangulia programu zote nilizozitaja, nayo ni kuwa mwanachama kwa jina lake. Masharti ya vyama vingi hayamzuii mke na mume kuwa wanachama wote wawili, kila mmoja na hisa zake, mradi ana shamba au mazao anayoyatambulika nayo. Hata sehemu ndogo aliyogawiwa inatosha kuanzia, na kwenye usajili wa wakulima ngazi ya kijiji aombe namba yake mwenyewe. Mazungumzo ya hilo yafanyike mwezi wa nne au wa tano, pesa za msimu zikiwa zimekwisha na msimu mpya uko mbali. Oktoba mizani ikishafunguliwa, hakuna mume atakayesikiliza.